Dedan Mwiti na Desturi ya Walusitania

Dedan Mwiti alizaliwa Nkubu, Meru, tarehe 9 Machi 1978, kitinda mimba wa Mzee M'Imanyara na Bi. Charity. Alisomea historia chuoni, na huko akawapenda Walusitania, watu wa kale walioishi Ureno ya leo kabla Warumi hawajawavamia. Asili yao wataalamu bado wanaibishania, na habari zao nyingi ziliandikwa na upande wa maadui zao. Ndiyo maana Dedan alimuuliza kila mtu, hata mchungaji: "Nani alisema? Alikuwepo?"

Alikuja hapa Doha, Qatar, mwaka 2013 kufundisha. Mwaka 2015 alimwoa Gakii, karani wa ofisi, wakapanga nyumba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, wakampata binti, Chelsea. Mkewe akawa mwanafunzi wake bora wa kushuku.

Mwaka juzi Dedan alianza kutoweka kila Ijumaa. Jioni alipigiwa simu na Zuhura fulani, mkazi wa Umm Salal nje ya jiji, akaipokelea kwenye ngazi.

"Huyo ni nani?" Gakii alimuuliza.

"Ni rafiki tu, mama Chelsea."

Dalili ya mvua ni mawingu. Gakii alimwona mumewe akikonda, akajiambia ni mapenzi yanayomkondesha. Wivu ulimla vibaya mno.

Ijumaa moja alimfuata. Alimkuta kwenye benchi nje ya msikiti, watu wakitoka kuswali, akiwasimulia wapita njia ugonjwa wake wa figo. Kando yake alikaa Zuhura, mama wa Kizanzibari aliyewahi kuugua figo mwenyewe. Inasemekana Walusitania waliwalaza wagonjwa njiani, ili aliyewahi kupatwa na maradhi yale atoe ushauri.

"Na mimi, sikustahili kuulizwa?" Gakii alilia.

"Wageni sikuwaogopa," Dedan alijibu. "Wewe nilikuogopa."

"Mwanangu, siku ya kwanza tu nilimwambia," Zuhura alisema. "Nenda hospitali, na mkeo umwambie. Hakusikia."

Alilazwa siku iyo hiyo, lakini figo zilikuwa zimechoka. Wiki ya mwisho Gakii alikataa mlango wa chumba ufungwe. Kila aliyepita, mfagiaji, mlinzi, mgeni wa mgonjwa jirani, Gakii alimuuliza: "Umewahi kuugua hii?" Wengi walisema hapana, kisha wakaingia wakamshika Dedan mkono. Alifariki tarehe 4 Februari 2025, alfajiri.

Ameacha mjane wake Gakii, binti yake Chelsea, kaka yake Kirimi anayesoma haya, na Zuhura, ambaye leo Gakii amemketisha ubavuni pake.

Alale kwa amani mwalimu wetu. Mlango hatujaufunga.