Goti la Nathanaeli

Nyuma ya soko la Singida mjini, kati ya kibanda cha fundi redio na ukuta wa ghala lililouzwa, kuna benchi la ubao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Kila ikifika alasiri Kitwana huteleka birika lake la kahawa juu ya jiko la mkaa, na wenye benchi lao hujipanga. Mzee Luqmani, aliyekuwa mtunza stoo wa shirika la umma mpaka shirika lenyewe likafungwa, huitwa Waziri, kwa sababu hakuna jambo la serikali asilolijua. Simeoni, fundi redio, huitwa Matangazo. Na Mansuri, mchua misuli wa timu ya Mwangaza, huitwa Daktari. Jina hilo alipewa na washangiliaji miaka kumi na miwili nyuma, aliporudi kutoka semina ya huduma ya kwanza ya siku tano, nalo likamganda mpaka wageni wa mtaa wakadhani amelisomea.

Ilikuwa siku ya tisa tangu fainali ya mkoa. Nathanaeli, winga wa Mwangaza, kijana wa Misigiri, alikuwa amelazwa hospitali, mguu wake kwenye plasta, na benchi halikuwa na habari nyingine. Mansuri alikuwa hajakanyaga hospitali siku zote hizo. Kila asubuhi alivaa viatu aende, kila alasiri akaishia hapa benchini.

— Ni njumu za mitumba, bwana, alisema Matangazo. Unajua alizivaa Mzungu gani? Pengine mwenyewe alivunjikia mguu humo humo.

Waziri alikataa. Viatu havina kosa. Yeye alisikia kwa mtu asiyesema uongo kwamba wapinzani walionekana alfajiri wakifukia yai langoni.

— Yai lilikuwa langoni, Waziri. Kijana kaumia pembeni kabisa.

— Yai linasafiri.

Kitwana, huku akimimina, alisema wote wamepotea njia. Kosa ni chakula. Tangu soko huria liingie, vijana wameacha ugali wa uwele, wanakula mkate na tambi, mifupa imelainika. Waziri aliidaka hoja hiyo kama aliyekuwa akiingojea. Akaeleza kirefu jinsi zamani, maduka yalipokuwa matupu, hakuna aliyevunjika goti. Sasa kila kitu kinatoka nje, na magoti nayo yamekuwa ya nje, hayana spea.

— Daktari, mbona kimya leo? aliuliza Matangazo. Yai au njumu?

Mansuri alikuwa ameshika kikombe ambacho hakukinywa.

— Mimi nilikuwa napuliza tu, alisema.

Wakacheka, wakidhani anatania.

Hakuwa anatania. Dakika ya sitini Nathanaeli alipoanguka, Mansuri alilishika lile goti akalisikia likicheza chini ya vidole vyake, kama mlango uliotoka kwenye bawaba. Enzi za ndoo ya maji na bandeji asingefikiri mara mbili. Angeinuka, azungushe mikono, ishara ya kumtoa mchezaji, na hata kocha asingebishana naye. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya, na kule kukosa ndiko kulikowaokoa vijana wengi. Lakini msimu ule mwenye mabasi aliyeichukua timu alimletea mkebe kutoka Dar, unaopuliza baridi mpaka maumivu yanalala. Mansuri aliutamani mkebe wa namna hiyo miaka mingi. Uwanja mzima ulikuwa umeshajifunza kuimba: ganzi, ganzi. Nathanaeli alimtazama akiwa chini.

— Daktari, nitaweza?

Akapuliza. Kijana aliinuka, akakimbia hatua ishirini hivi, akageuka ghafla kuufuata mpira. Alipoanguka mara ya pili hakulia hata kidogo.

Mazungumzo ya benchi yalikuwa yamefika kwenye mnara mpya wa televisheni na madhara yake kwa mifupa, mwanamke mmoja aliposimama mbele yao, kuku amemkumbatia kwapani, miguu ya kuku imefungwa kwa kamba ya katani.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama.

Alijitambulisha kwa jina la Dorkas, mama yake Nathanaeli. Ametoka Misigiri na lori la asubuhi. Hospitali wamemweleza kwamba goti halitakunjika tena.

— Lakini mwenyewe anasema nisilie. Anasema nimtafute daktari wa timu, ndiye anayelijua goti lake. Kule hospitali hawamjui huyo daktari. Sokoni wakaniambia niulize hapa.

Hakuna aliyenyoosha kidole. Waziri alichungulia kikombe chake. Matangazo aliokota bisibisi, akakumbuka kuna redio ya mtu.

Mansuri alisimama.

— Ni mimi, mama.

Uso wa yule mama ukafunguka. Akainama, akamweka kuku miguuni pake.

— Mama, mimi si daktari. Ni jina tu la hapa kijiweni. Mimi nachua misuli. Nililishika goti lake nikajua limeharibika, nikampulizia dawa ya ganzi akarudi kucheza. Nilijua.

Alingoja alaaniwe. Alikuwa tayari, pengine ndilo alilolitaka siku zote tisa. Dorkas aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo na wenyeji wakamjibu kwa upole.

— Sawa, baba. Umenieleza vizuri. Sasa huyo daktari mwenyewe, anayemsema Nathanaeli, nitampata wapi?

Alimtazama Mansuri, akamtazama Waziri, akamtazama Matangazo, akarudi tena kwa Mansuri. Kitwana aliinamisha birika juu ya kikombe alichomtengea mgeni. Yalitoka matone mawili, kisha mashapo.