Podikasti ya Bibi wa Mwello

Mujib, dereva wa taksi ya Tororo kwenda Busia, huapa kwamba akishika usukani masikio yake hujifunga. Siku hiyo yalikataa. Nyuma yake Atim, mwanafunzi wa chuo, alikuwa akikagua podikasti aliyorekodi kwa ajili ya mtihani. Simu ilisema kwa sauti: bibi mmoja wa Mwello alikuwa anaeleza jinsi mwanawe alivyosogeza mpaka wa shamba la jirani mjane.

"Futa," akasema Ajambo, mama aliyeketi naye. "Huyo ni mama mkwe wangu."

"Nikifuta naanguka, mama. Mhadhiri anaitaka leo. Na bibi alikubali."

"Alikubali kuongea na wewe, si na chuo kizima. Bwana yangu iko na kesi ya hilo shamba. Unataka afungwe?"

"Na mjane naye atakula nini?"

Ajambo akaudaka mkono wake. Atim akaitumbukiza simu mkobani, wakavutana. Mujib, ambaye hana umbea, akapunguza mwendo mpaka baiskeli zikampita.

Hata hivyo Busia ilifika. Akazima injini. Ndani ya mkoba bibi alikuwa bado anaendelea, polepole, bila kumwogopa mtu: "Na mkewe ndiye aliyemshikia tochi."