Hana Nyandwi, Aliyekwenda Kliniki Mchana Kweupe

Baba Paroko, viongozi wa kata mliofika, ndugu na majirani, mimi ni Josephat, mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu Hana Nyandwi, nami nitayasoma kama alivyoyaishi, bila kunong'ona.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1988 katika makazi ya Katumba, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Antoni na Mama Tereza, waliotoka Burundi mwaka 1972 na wakawa Watanzania kwa karatasi mwaka 2014, ingawa kwa jembe walikuwa Watanzania zamani sana. Alimaliza darasa la saba hapo hapo Katumba mwaka 2003, akafaulu, lakini ada ilitosha mmoja, nikaenda mimi, naye alinitania kwa hilo hadi mwaka huu. Alilima tumbaku Inyonga, kisha akahamia Magamba, akawa analima mahindi na kuuza maandazi.

Tarehe 6 Septemba 2008 alifunga ndoa na Felisiani, aliyevuka kutoka Burundi miaka mingi baada ya wazee wetu, na ambaye maombi yake ya karatasi hayajajibiwa hadi leo, hilo nalisema mbele ya viongozi kwa sababu mwenyewe ameniambia nilisome hivyo hivyo. Mungu aliwajalia watoto watatu, na wa nne nitamfikia.

Februari 2024 marehemu alipata ujauzito wa nne. Wote tunajua utaratibu, kwamba hudhurio la kwanza la kliniki mama anafika na mwenzi wake wapimwe pamoja, nao ni utaratibu mzuri kwa mwenye mume asiyejificha. Mwaka huu maneno yamekuwa mengi, sokoni, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwamba wahamiaji wanakamatwa, na waume kadhaa wa huku kwetu wakahamia porini kwenye mizinga ya nyuki. Basi wake zao wakawa wanaazima mume. Jirani yetu Shadrack wa bodaboda, ambaye hana mke wala mchumba, aliwasindikiza wengi, mpaka benchi la wajawazito likawa linamsalimia kwa jina. Mnaruhusiwa kucheka, marehemu alicheka.

Zamu ya Hana ilipofika, Shadrack akiwa kando yake, muuguzi aliuliza kama huyu naye ni mke wa Shadrack, na dada akajibu watu wote wakisikia, "Huyu ni jirani yangu. Mume wangu anawaogopa nyie. Mimba ninayo mimi, nipimeni mimi." Akapimwa. Tangu siku hiyo aliwapitia wenzake nyumba kwa nyumba, Warundi na Wasukuma waliohamia na ng'ombe, akiwemo rafiki yake Kabula, wakaenda kliniki kwa barabara kuu, na hakuna aliyeazima mume tena.

Mwezi Septemba gari la msako lilionekana karibu na kituo, Felisiani akamsihi asubiri lipite, naye akasubiri, si kwa kujiogopea, maana karatasi alikuwa nazo, bali alihofia kufuatwa hadi nyumbani akutwe mumewe. Lilikuwa hudhurio moja tu alilolikosa. Miguu ilivimba, kichwa kikauma, na hapakuwa na wa kumpima presha. Tarehe 2 Oktoba alianguka kwa kifafa cha mimba, Shadrack akamkimbiza hospitali Mpanda mjini, madaktari wakampasua na kumwokoa binti, lakini mama yake alifariki tarehe 4 Oktoba 2024, alfajiri.

Tumeambiwa tuseme kazi ya Mungu haina makosa, na kweli haina, lakini gari lile halikuwa la Mungu. Shemeji yangu asilaumiwe na mtu. Cheti kimeandika kifafa cha mimba, nasi hatubishani na daktari, ila sisi familia tunaongeza kwamba dada yetu aliuawa na hofu ambayo hakuianzisha yeye, na tuna hasira.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walimuuliza anaumwa wapi, hawakumuuliza alizaliwa wapi. Tunawashukuru majirani, akina mama wa maandazi sokoni, Kabula anayemnyonyesha mtoto wetu pamoja na wake, na Shadrack, mume wa kuazima aliyekuwa ndugu kweli kweli.

La mwisho ni tangazo. Jumatatu mtoto anapelekwa kliniki, saa mbili asubuhi, kwa barabara kuu, na atakayembeba ni Felisiani mwenyewe, hivyo anayemtafuta asihangaike porini, amekaa pale mbele. Akina mama wajawazito, tutawapitia.

Pumzika kwa amani, dada Hana, lile hudhurio lililobaki tunalihudhuria sisi.