Rika la Themanini

Basi la kuwapeleka wachezaji wa Michezo ya Jimbo la Nebraska kwenye bwawa lilikuwa halijatoka hata maegeshoni, na tayari mazungumzo ya vikongwe wawili wasiojuana yalishafika kwenye umri. Tessa, abiria aliyekaa nyuma yao, alijifanya anafunga kamba za viatu huku akiwasikiliza.

"Themanini na moja," alisema Arlys, aliyevaa kofia ya kuogelea tangu nyumbani. "Naogelea chali. Miaka sita napata dhahabu, dada, maana kila rika ninaloingia, hata hili la themanini kwenda juu, niko peke yangu. Labda nizame ndiyo waninyime."

Mwenzake, Lavonne, alilikunja upya taulo lililokuwa limekunjwa vizuri. "Mimi themanini na mbili. Chali pia, na ndiyo mara yangu ya kwanza. Basi nitajitoa. Sikuja kukunyang'anya."

"Thubutu uone. Unajua kupigiwa makofi na watu wanaokuonea huruma? Natazama kushoto, maji matupu. Kulia, maji matupu. Leo Mungu kaniletea mtu, nashukuru kuliko medali zote, halafu unaniambia unajitoa?"

"Nikikushinda utanuna."

"Nitanuna mpaka Krismasi. Niache ninune."

"Mimi ni mwepesi, bibi wewe."

"Hayo kayaseme majini."

Basi likaondoka, na punde likasimama mbele ya bwawa. Watu wakashuka, lakini Lavonne hakuinuka. Dereva akageuka. "Akina mama, mnashuka?"

"Tunashuka," Arlys akajibu kwa niaba ya wote wawili, akaenda kusimama mlangoni akimngoja mwenzake.