Bi Tabia Ubwa Anaondoka, Kidato cha Pili Hakina Mwalimu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza katika skuli yetu hapa Bububu, Bi Tabia Ubwa anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili 2025. Nimeombwa niandike maneno ya furaha kwa ajili ya jarida la walimu. Nimejaribu. Atakayeona furaha imepelea anisamehe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili tu, na nimekaa naye meza moja muda mrefu mno.

Bi Tabia alizaliwa Mkokotoni, akasomea ualimu mjini, akaletwa kwetu akiwa binti mwembamba ambaye wanafunzi wakubwa walimpita kimo. Alikuta watoto wanakariri aina za maneno ya Kiingereza kwa sauti moja, nomino ni hivi, kitenzi ni vile, kisha ukiwapa sentensi wanakutumbulia macho. Akaamua maneno yavaliwe. Kila mtoto alipewa neno lililoandikwa kwenye kipande cha boksi, akalibana kifuani kwa pini ya mtandio na kutafuta benchi lake: nomino dirishani, vitenzi karibu na mlango, vivumishi nyuma. Aliyekaa pasipo pake hakupigwa. Aliulizwa neno lake linafanya kazi gani, akajieleza mpaka akajihamisha mwenyewe.

Mwaka mmoja alikuja mkaguzi bila ya taarifa. Alisikia zogo, akadhani darasa halina mwalimu, akaingia amekunja uso na kujibwaga kwenye benchi la mlangoni. Mwanafunzi mmoja, Matar, alimwendea kwa adabu zote: "Shikamoo. Samahani, hapo pa vitenzi. Wewe unafanya nini?" Bi Tabia akambandika mkaguzi neno "run", na bwana mkubwa yule, na tumbo lake, alikimbia mpaka ubaoni akarudi. Ripoti yake ilitusifu kuliko tulivyostahiki.

Balaa letu limetokana na sifa hizo hizo. Mtoto aliyepita kwa Bi Tabia anakijua Kiingereza, na anayekijua Kiingereza kisiwani humu hakai akala vumbi la chaki. Bi Tabia aliliona hilo mapema, akaanza kutafuta wa kumwachia darasa. Alimchagua Ummkulthum, mwanafunzi wake wa zamani aliyerudi kwetu kama mwalimu, akamlea miaka miwili. Leo Ummkulthum anatembeza wageni Mji Mkongwe. Akamchukua Nadir, naye alipitia mikononi mwake, na hata mimi niliamini huyu atabaki. Nadir yuko mapokezi, hoteli moja ya Nungwi. Siwalaumu. Mshahara wetu naujua, maana naupokea.

Tumeomba mwalimu mwengine, tukaambiwa tusubiri, na tunasubiri tangu mwaka juzi. Kidato cha Pili wana mtihani mwisho wa mwaka huu, na karibu masomo yao yote huulizwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyelielewa swali hata hesabu anayoijua itamshinda. Nasema wazi kwamba nimekata tamaa, na katika chumba chetu cha walimu siko peke yangu.

Wiki iliyopita tulimfanyia Bi Tabia hafla ndogo. Nadir alikuja na sahani ya halua, tukafurahi kumwona. Bi Tabia alimwacha ale kidogo, kisha mbele yetu sote akamuuliza kama atarudi, japo mpaka mtihani upite. Nadir aliinamisha kichwa.

"Bi, nna watoto watatu."

"Nshafahamu, baba. Kula," akamjibu.

Baadaye, tukikusanya vikombe, aliniambia polepole: "Maalim Jecha, kumbe miaka yote hii nnafundisha watu kuondoka." Akalia. Nikampokea vikombe, nikaenda kuviosha mwenyewe.

Mwalimu mkuu ameliandika jina langu kwenye ratiba ya Kiingereza, Kidato cha Pili, kwa muda. Kwetu hapa "kwa muda" ni mpaka nami nistaafu. Kiingereza changu kinatosha kusoma vibao vya barabarani. Nilipowaambia watoto, walinipigia makofi kwa huruma, na hata wangenicheka, ningeumia zaidi ya hapo? Sidhani.

Bi Tabia, ahsante kwa kila mtoto uliyemfungulia mdomo. Mungu akupe afya, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu wasiochoka kukukumbatia. Nyumba yako iko nyuma ya ukuta wa skuli, kwa hiyo kengele utaisikia, na darasa likinyamaza utalisikia pia. Nakuomba, dada yangu, usije. Umeshafanya yako. Tuachie tushindwe wenyewe.

Jecha Kheir,
Mwalimu wa Kiswahili