Mbao Zisizosimama

Benchi letu liko nyuma ya gare ya Kalemie, kile kituo cha treni, kando ya meza ya kahawa ya Mama Éliane, na sisi tunaokaa pale tuna ugonjwa mmoja: hatujui kusema hatujui. Yupo Papa Siméon, tunayemwita Chef de Gare, mkuu wa kituo, ingawa kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa tu. Yupo Guelord wa pikipiki, jina lake la utani Bila-Frein, asiye na breki. Na yupo Hubert, fundi wa simu, ambaye tangu mwezi wa pili tumeacha kumtania. Mwezi huo mdogo wake, Élisée, alipanda boti ya kwenda Moba. Boti ikazama, na ziwa halikumrudisha. Simu yake ilikuwa imebaki nyumbani kwenye chaji, na ndani yake mchezo aliokuwa akiucheza: kamtu kadogo kanavuka maji meusi kwa kurukia mbao zinazokwenda na kurudi. Juu pameandikwa: Élisée, hatua ya 14. Sasa tuko mwezi wa nne, na kila asubuhi Hubert anacheza na sisi tunamfundisha.

— Ngojea mbao isimame, akasema Chef de Gare. Mutu hapandake kitu chenye kutembea.

— Papa, hii haisimamake, akajibu Guelord. Tangu jana inaenda, inarudi.

— Itasimama. Kila chenye kutembea kiko na gare yake.

— Basi gare ya hii iko mbali, kule Kongolo. Hubert, ruka na mbio, usifikiri.

Hubert akaruka. Kamtu kakatumbukia majini, kakarudi mwanzo.

— Umeona? Bila-Frein anaua watu mpaka ndani ya simu, akasema Chef de Gare.

Hatukucheka. Mama Éliane akatumiminia kahawa bila kuulizwa, tukanywa.

— Miye nasema ni ile mbao ya tatu, akaanza Guelord. Kuna kitu kinaivuta kwa chini. Wenye kutengeneza huu mchezo wanajua ziwa yetu.

— Watajua ziwa namna gani? Wako kule Chine, kwa Wachina.

— Satelite, Papa. Wanaangalia mawimbi yetu kutoka juu, wanayapima, wanayatia ndani ya simu.

Chef de Gare akatikisa kichwa kama mtu anayemsikitikia mgonjwa.

— Wacha satelite. Mbao inamujua mwenyewe. Élisée alikuwa mutu wa mukono wa kushoto, ao hapana? Sasa inasikia kidole cha mugeni, inakataa. Hubert, shika na kushoto.

Hubert akahamisha simu. Mbao ya kwanza, akapita. Ya pili, akapita. Ya tatu ikaja, kamtu kakasimama juu yake barabara, na kufika ng'ambo ulikuwa umebaki mruko mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote. Niliona kidole chake kinanyanyuka. Hakikuteleza. Alikinyanyua, akangoja mbao igeuke, na kamtu kakaanguka.

— Karibu kabisa! akalia Guelord. Kesho inapita.

Nilikuwa nimekwisha kuliona hilo wiki nzima, nikanyamaza kwa woga, kwa sababu nilimwelewa. Akivuka, pale juu pataandikwa 15, na Élisée hakufika 15. Iliniuma, na bado kila asubuhi nilikuja kumsaidia kuanguka.

Ndipo akaja Alphonsine, mke wa Élisée, na kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Hakuwa amewahi kufika kwenye benchi letu. Kwetu mjane analala kwenye mkeka chini mpaka familia ya mume ifunge matanga, na anayetamka neno hilo ni kaka mkubwa wa marehemu. Mkononi mwake mistari ya mkeka ilikuwa ingali inaonekana.

— Jambo yenu, wapapa.

— Jambo, mama. Ikala, akasema Chef de Gare.

Hakukaa. Aliitazama simu.

— Bado iko kumi na ine?

— Bado, akasema Hubert. Nitajaribu tena kesho.

— Tunakaribia, mama, akadakia Guelord. Ni ile mbao ya tatu tu.

— Sikukuja juu ya simu. Shemeji, wazee wanasema wanangojea neno yako tu. Weye unasema tungoje mpaka ziwa itoe mwili. Nilikubali, nikangoja, sikusumbua mutu. Sasa uniambie tu kitu kimoja: nitalala chini mpaka siku gani?

Chef de Gare alimsogezea Alphonsine nafasi kwenye benchi. Guelord akageuka kutazama pikipiki yake. Hubert aliiinamia simu, pale palipoandikwa 14, kidole kikiwa kimenyanyuka, na Alphonsine akaendelea kusimama pale pale, akingoja ajibiwe.