Mulongo Bila Mukhwana

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja wa mvule uliolazwa juu ya matofali, ukitazamana na ghala la mahindi la Kitale. Makalio ya watu wasio na haraka yalikuwa yameung'arisha kuliko meza ya Bwana DC. Hapo Waruguru aliuza kahawa kutoka birika lake jeusi, na hapo, mwaka wa hamsini na moja, Mulongo mshona magunia alikaa na kifurushi cha nguo katikati ya magoti akingoja lori la Suam. Jana yake gari la senema lilikuwa limeonyesha picha uwanjani. Mapacha wawili wametenganishwa siku ya kuzaliwa, mmoja amekuwa polisi, mwingine mwoka mikate, na polisi anazunguka mji mzima akijisaka mwenyewe. Uwanja mzima ulicheka mpaka ukatokwa na machozi. Mulongo alitokwa na machozi bila kucheka.

— Kwa hivyo umeamua, — Kembriji alisema. Jina lake ni Barasa, lakini tangu apate kile cheti chake cha Kembriji na kukosa kazi nacho, kijiwe kilimbatiza upya. — Unaacha kazi kwa sababu ya senema.

— Naenda kumtafuta ndugu yangu.

— Ndugu gani? Foreman amekwambia nini?

— Amesema nikienda nisirudi.

— And you are going! Mimi miaka mitatu nabisha milango ya ofisi. Naambiwa, kijana, Kiingereza chako ni kizuri mno, tutakuita. Hawaiti. Wewe umepewa sindano na gunia mkononi, unatupa! Kwani sisi tunatafuta nini hapa, upepo?

Mulongo aliinua kikombe. Alikunywa kahawa yake taratibu, akaiacha ilipofika nusu ya kikombe.

— Halafu malizia hiyo kahawa ama unipe, — Kembriji akaongeza.

— Hiyo nusu siyo yako.

Daktari akakohoa. Huyu ni Wepukhulu, aliyewahi kufagia zahanati huko Kamukuywa mwaka mmoja, na tangu hapo hakuna ugonjwa asioujua.

— Kembriji, wewe umesoma vitabu lakini hujasoma watu. Kwetu Bungoma, pacha akitoka wa kwanza anaitwa nani?

— Mukhwana. Hata mbuzi wanajua.

— Wa pili?

— Mulongo.

— Sasa huyu ni Mulongo. Mukhwana wake ako wapi? Mtu hawezi kuwa wa pili kama hakuna wa kwanza, bana!

— Jina ni la kurithi! Babu yake aliitwa Mulongo. Ukiitwa Wafula si lazima mvua inyeshe sasa hivi!

Babu ndiye aliyekuwa jibu maisha yote ya Mulongo. Mamake alikufa akimzaa, na senge Nekoye, dadake babake, ndiye aliyemlea. Watoto wa kijiji walimwimbia njia nzima ya shule, “Mulongo bila Mukhwana ni murongo!” yaani mwongo. Akarudi nyumbani akilia, na senge akamwambia, ni jina la babu, kula. Lakini kila alipomwekea ugali aliongeza neno moja: “Bakisha cha mwenzako.” Mwenzangu nani, senge? Senge angegeuka kuutazama mlima, upande wa Suam, akatazama mpaka ugali ukapoa. “Kula.” Machi ya mwaka huo walimzika senge, na jibu likaingia naye kaburini. Jana, kwenye kile kitambaa cheupe cha senema, Mulongo alimwona mama mzungu akiweka sahani mbili mezani hali mtoto ni mmoja. Ndipo alipoacha kucheka.

— Mimi nawaambieni ilivyokuwa, — Daktari akasema, akijiweka sawa juu ya ubao kama aliyekalia kiti cha baraza. — Mkunga alitoka nje kuchota maji. Na wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Pale nyumbani kulikuwa na mama mwingine, tasa, anangoja. Akachukua mmoja, akafunika na majani ya ndizi, akapita.

— Panya ni nani hapo? — Waruguru aliuliza akijaza kikombe.

— Wacha kunikata, mama. Akavuka mto wa Suam. Sasa mtoto akawa wa Uganda. Mpaka ukapita katikati ya tumbo moja!

— Nonsense, — Kembriji akasema.

— Si umesikia, mficha uchi hazai? Mamake alizaa. Kwa hivyo hakuficha kitu. Kwa hivyo mwingine alifichwa na mtu mwingine. Hiyo ni hesabu!

— Huo ni wazimu uliovaa nguo za Jumapili.

— Na mimi naona zaidi, — Daktari aliinamia mbele, sauti ikashuka. — Jumatatu huyu alikunywa kahawa bila sukari. Jumatano akataka sukari. Mnajuaje ni mtu mmoja? Labda wako wawili tayari, wanakaa kwa zamu. Labda huyu ndiye Mukhwana, na Mulongo ndiye tunapaswa kutafuta!

Waruguru alicheka hadi birika likatikisika. Hata Kembriji alicheka, kisha akakasirika kwa kucheka.

— Mulongo, nisikilize. Ukifika Suam utafanyaje? Utasimama sokoni useme nani ana uso wangu?

— Ndiyo.

— Watakufunga kamba wakurudishe.

— Nitarudi tena.

— Na kama hayuko? Kama kweli ni jina la babu tu? Utakuwa huna ndugu na huna kazi. Utakaa hapa na mimi.

Hapo sauti ya Kembriji ilipasuka kidogo, na kila mtu akaangalia upande mwingine. Mulongo alifunga upya fundo la kifurushi chake, fundo lile la mshona magunia lisilofunguka bila kisu.

— Ndugu yangu Barasa, — alisema, na ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo mtu kumwita hivyo, — miaka thelathini nimebakisha chakula. Acha nikaone nani alikuwa anakula.

Waruguru akainamisha birika. Tone moja lilianguka.

— Imeisha, wazee. Kaeni na mate yenu.

Kembriji alikitazama kile kikombe cha nusu kama mtu anayetazama barua ya kazi ya mwenzake.

Lori likafika likitema vumbi, likasimama mbele ya ghala. Makuli wakaanza kushusha magunia, ili ligeuze kurudi Suam. Juu ya magunia alikuwako mwanamke ambaye hakuna kijiweni aliyemjua, kibuyu cha maziwa begani. Alishuka mguu mmoja baada ya mwingine, akajipangusa vumbi, akaukaribia ubao aulize kama kahawa ipo. Hakuuliza. Alisimama mbele ya Mulongo, akamtazama usoni, akatazama lori, akamtazama tena.

— Wewe Mukhwana! Asubuhi si nimekuacha Suam ukikamua ng'ombe? Umefikaje hapa kabla ya lori?

Waruguru aliendelea kuinamisha birika tupu.

Mulongo alisimama. Aliweka kikombe chake cha nusu ubaoni, mahali pale alipokuwa amekaa, akachukua kifurushi, akapanda lori kabla halijamaliza kushusha mzigo.

Kahawa yote iliyosalia Kitale ilikuwa mle kikombeni. Koo la Kembriji lilikuwa kavu kama gunzi. Akakiacha kikombe pale pale bila kukigusa, akajisogeza hadi mwisho wa ubao, akaacha nafasi ya watu wawili.